Dau la Fundi: Hivi Timu Imwage Mkwanja Wote kwa Mtu Mmoja?

Bashay, juu kule kwenye nyanda za Mbulu, mpira wenyewe hunoga baada ya mavuno. Kitunguu swaumu kikishauzwa na maharage yakishaingia ndani, vijana wanaanza kuulizana kombe la safari hii linatolewa na nani na zawadi ni nini. Ng'ombe kwa bingwa, mbuzi kwa wa pili, pengine na seti ya jezi. Ratiba haijapangwa, kiwanja hakijafyekwa, lakini kamati imeshakaa na inabishana lile lile linalobishaniwa Jangwani na Msimbazi kila Julai: tukamlete fundi au tucheze na hawa hawa wetu?

Fundi ni yule kiungo wa kukodi. Hana haja ya jina hapa, maana hadithi yake ni moja kuanzia Dongobesh hadi Haydom, na ukishuka Katesh upande wa Hanang utamkuta vilevile. Mara nyingi ni mguu wa kushoto. Aliwahi kucheza daraja la chini Arusha au Babati, goti likamsumbua, sasa anaishi kwa kuitwa huku na huku. Analetwa na bodaboda siku ya mechi, hajui hata jina la beki wa kulia atakayempa pasi. Anataka posho yake mkononi kabla ya kuvaa soksi, nauli ya kwenda na kurudi, na chakula. Wapinzani watamwita mamluki na watakata rufaa wakifungwa, hata kama na wao wana wao wawili wameletwa na gari la mbao.

Wenyeji wa timu, waliokimbia mazoezi wiki nane bila hata maji ya kunywa, wanaambiwa wasubiri ng'ombe. Tukishinda tutachinja, tutakula wote. Tukifungwa, basi tena. Kipa wa kijiji, anayedaka na glovu zenye viraka, anasikia kiasi anachopewa fundi kwa dakika 90 na anakaa kimya. Michango ile ilitoka kwa mama yake pia.

Sasa swali: kamati imekosea?

Kabla ya kuwacheka watu wa Bashay ni vizuri kukumbuka wanatoka wapi. Hili ni eneo la wakimbiaji. Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, yule aliyeanguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 na bado akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa 1 baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Hanang ilimtoa Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978 kule Edmonton, ambaye mwaka 1982 alirudi akachukua dhahabu ya mita 10,000 Brisbane. Jirani hapo Karatu alizaliwa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974. Mtoto anayekulia kwenye milima hii anajifunza mapema kwamba mtu mmoja mwenye mapafu na moyo anaweza kubeba nchi nzima mgongoni. Kwenye riadha ni kweli. Hakuna beki wa kushoto kwenye marathoni.

Mpira una mabeki wa kushoto. Na historia ya mpira wa Tanzania, ukiisoma kwa jicho la pesa badala ya jicho la mabao, ni historia ya watu kusahau jambo hilo, kulikumbuka, halafu kulisahau tena.

Anza miaka ya 1970. Mpira ulikuwa wa ridhaa. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka uliofuata na kuitwa Sunderland hadi mwaka 1971, zilikuwa na mashabiki nchi nzima lakini hazikuwa na mishahara ya maana ya kumlipa mtu. Mchezaji alipewa kazi kwenye shirika la umma, asubuhi ofisini au bandarini, jioni mazoezini. Ndiyo maana ramani ya soka la zamani imejaa majina ya kazi: Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Pamba ya Mwanza, Ushirika ya Moshi. Dau lilikuwa ajira, na ajira aliipata staa, aliipata na beki.

Ndani ya mfumo huo alikuwapo Sunday Manara, kiungo wa Yanga ambaye mashabiki walimpachika jina la Computer wakati kompyuta yenyewe wengi walikuwa hawajawahi kuiona. Jina linaeleza kazi: yeye ndiye aliyepiga hesabu, wengine wakakimbia. Mwaka 1975 Yanga hiyo iliifunga Simba 2–0 kwenye fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, Zanzibar. Halafu klabu ikapasuka. Mgogoro wa wanachama ukazaa Pan African, mafundi wakaondoka, na Manara mwenyewe kabla ya miaka ya 1970 kwisha alikuwa ameshafika Heracles ya Uholanzi, Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Julai 19, 1977, Simba ikaikuta Yanga iliyobaki na kuipiga 6–0, Abdallah Kibadeni akifunga mabao 3 peke yake. Nusu karne sasa, hayo 6 bado yanaimbwa kwenye vibanda vya kahawa.

Wapo wanaosoma kipigo kile kama ushahidi kwamba ukipoteza kichwa, mwili unakufa, kwa hiyo kichwa kilipwe chochote kinachotaka. Lakini angalia vizuri. Yanga haikupoteza kichwa kimoja, ilipoteza kikosi kilichozoeana. Na kilichovunja kikosi hakikuwa dau la Waholanzi. Ilikuwa ugomvi wa ndani, wa nani mwenye klabu na nani anasikilizwa. Pesa ya Ulaya ilimkuta mtu ambaye nyumba yake ilishaungua.

Mfano mwingine uko Rungwe, mbali na Manyara lakini wazee wa soka wanaujua. Tukuyu Stars ilipanda ligi kuu na mwaka 1986, papo hapo, ikachukua ubingwa wa Tanzania Bara. Timu ya wilaya, baridi na ndizi, vijana waliokua pamoja. Vigogo wa Dar es Salaam wakaanza kuchota mmoja mmoja. Tukuyu haikuwa na cha kuwazuia nacho, na ikaporomoka haraka kama ilivyopanda. Huo ndio upande wa pili wa hoja, na ni wa haki kuusema: timu isiyoweza kabisa kumlipa fundi wake itakuwa shamba la wengine. Mtibwa Sugar ndiyo iliyopata dawa kwa muda, ikibeba ubingwa wa 1999 na 2000 mfululizo. Kiwanda cha sukari nyuma yake, watu wanalipwa, wanalala kambini bila wasiwasi wa kodi ya nyumba. Hakukuwa na mtu mmoja aliyelipwa kama mfalme.

Mwaka 1993 pesa kubwa ilibisha hodi kwa namna nyingine. Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, jambo ambalo klabu ya Tanzania ilikuwa haijawahi kulifanya. Mechi ya kwanza Abidjan, 0–0 na Stella. Zimebaki dakika 90 nyumbani. Inasimuliwa mpaka leo kwamba mfadhili mmoja aliahidi gari kwa kila mchezaji wakibeba kombe. Kila mchezaji, siyo fundi peke yake, hilo lilikuwa jema. Ubaya ni kwamba magari yalianza kuendeshwa vichwani kabla ya mpira kuchezwa, angalau ndivyo waliokuwapo wanavyosimulia. Stella wakaja Dar es Salaam wakashinda 2–0. Uwanja mzima kimya, rais wa nchi akiwa jukwaani.

Kisha likaja enzi la dola. Januari 2013 Simba ilimuuza Emmanuel Okwi, Mganda aliyekuwa roho ya timu, kwenda Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Kwa klabu ya Tanzania wakati ule hizo zilikuwa pesa za ndotoni, na kweli zilibaki ndotoni kwa muda mrefu, kwa sababu Watunisia hawakulipa na kesi ikaenda FIFA. Kabla mwaka haujaisha, Okwi huyo huyo alikuwa amesaini Yanga! Simba ikabaki haina fundi, haina pesa, na inamtazama staa wake kwa jezi ya njano. Alikuja kurudi Msimbazi, na msimu wa 2017/18 akafunga mabao 20, Simba ikapata ubingwa ilioukosa miaka mitano. Kwa hiyo alistahili dau? Alistahili. Ila ukipiga mahesabu ya biashara nzima, kilichoiumiza klabu kilikuwa karatasi, mkataba usio na meno. Bei ya mchezaji haikuwa na kosa.

Azam FC ndiyo iliyobadilisha mazungumzo, na haipewi sifa ya kutosha kwa hilo. Iliingia ligi kuu mwaka 2008, ikajenga uwanja wake Chamazi, ikawa na sifa ambayo wachezaji wa nchi hii waliisikia kama hadithi ya peponi: mshahara unaingia tarehe yake. Msimu wa 2013/14 ikabeba ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Ilikuwa na mastaa, lakini muulize mchezaji yeyote wa zama zile alitamani nini Chamazi. Atakuambia tarehe ya mshahara.

Sasa tufike kwenye zama hizi za usajili wa kutangazwa usiku wa manane, video ya ndege, muziki wa kutisha, na mashabiki hawalali.

Simba ya 2017 hadi 2021 ilichukua ligi mara nne mfululizo na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ubongo wake ulikuwa Clatous Chama, Mzambia aliyefika mwaka 2018, na tangu 2020 pembeni yake Luis Miquissone wa Msumbiji, ambaye Februari 2021 aliifunga Al Ahly bao lililofanya Uwanja wa Mkapa utikisike. Agosti 2021 wote wawili wakauzwa: Miquissone kwa hao hao Al Ahly, Chama kwa RS Berkane ya Morocco. Msimu uliofuata Yanga ikawa bingwa bila kufungwa hata mechi moja, na haikuuachia ubingwa tena: 2022, 2023, 2024, 2025.

Shabiki wa Simba anayetaka kumwaga mkwanja kwa fundi ana hoja yake hapo, imeandikwa kwa wino mwekundu. Mliuza akili, mkanunua machozi. Basi subiri kidogo. Chama alirudishwa Januari 2022, miezi michache tu baadaye. Ubingwa haukurudi naye. Julai 2024 akavuka barabara kwenda Yanga, na huko hakuwa mfalme tena, mara nyingi alianzia benchi, na Yanga ikachukua kombe vilevile. Mtu yule yule, mguu ule ule. Msimbazi ya 2019 ilimzunguka na watu waliojua anataka mpira wapi, hiyo ndiyo tofauti, na haikuwa ikiuzwa pamoja naye kwenye ndege ya Morocco.

Upande wa Yanga hesabu ni tamu zaidi. Fiston Mayele alitoka AS Vita ya Kinshasa mwaka 2021 bila kelele za bei. Msimu wake wa kwanza alifunga mabao 16 na bado kiatu cha dhahabu kikaenda kwa George Mpole wa Geita Gold, aliyefunga 17. (Mtanzania, tena wa timu ya mkoani. Watu wamesahau haraka kinoma.) Msimu wa 2022/23 Mayele aliipeleka Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika: 1–2 nyumbani na USM Alger, 1–0 kule Algiers, kombe likaenda kwa Waarabu kwa bao la ugenini. Hapo ndipo kila mtu alisema Yanga lazima ivunje benki abaki. Yanga ikamuuza Pyramids ya Misri. Msimu uliofuata bila yeye ikawa bingwa tena, ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na kutolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti tu, Stephane Aziz Ki akimaliza mfungaji bora wa ligi na mabao 21. Mayele naye huko Misri akabeba Ligi ya Mabingwa mwaka 2025. Hakuna aliyelia. Alinunuliwa mapema, akauzwa akiwa juu, na nafasi yake ilishaandaliwa.

Lakini hadithi ya pesa ya Yanga ina ukurasa mwingine, na huu ndio unaouma.

Desemba 2022, katikati ya msimu ule ule mtamu, Feisal Salum, Fei Toto, kiungo wa Kizanzibari, aliamua kuvunja mkataba. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule aliirudishia klabu milioni 112: milioni 100 za usajili na milioni 12 za mishahara ya miezi 3. Piga hesabu mwenyewe ya mwezi mmoja. Wageni waliocheza naye safu moja walitajwa kulipwa mara kadhaa ya hapo. Klabu ikakataa, shirikisho likasema bado ni mchezaji wa Yanga, nchi ikagawanyika. Maneno ya ugali na sukari yakawa utani wa mitandao yote. Watu wakacheka, lakini wengi waliocheka walijua sukari kwenye ugali ni kitu gani. Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa amewaalika Yanga Ikulu kuwapongeza kwa kufika fainali, akawaomba walimalize hilo. Siku chache baadaye Fei akawa mchezaji wa Azam. Msimu wake wa kwanza huko: mabao 19, Azam nafasi ya pili mbele ya Simba.

Yanga iliumia? Kwa makombe, hapana, iliendelea kutwaa ubingwa wa ligi bila yeye. Ndiyo maana kesi ya Fei inasumbua. Ingekuwa klabu imeanguka, tungesema mmeona, lipeni mafundi wenu. Haikuanguka. Ilichoonyesha ni kwamba swali la dau kubwa limekuwa likiulizwa vibaya miaka yote. Watu wanauliza: fundi anastahili kiasi gani? Hawaulizi: huyu aliyekaa kitanda cha pili kambini, anayecheza dakika zile zile na kusafiri basi lile lile, anaona nini siku ya mshahara? Mchezaji hapimi malipo yake kwa bei ya unga sokoni. Anapima kwa kitanda cha jirani. Ukimpa mmoja mara kumi, umemwambia mwingine kitu ambacho hakuna kocha atakayeweza kukifuta.

Wamarekani wanabishana hivi hivi, kwenye mpira wao ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Kule kuna mtu anaitwa kwotabeki. Kila shambulio linaanzia mikononi mwake: anapokea mpira, anasoma mabeki, anaamua arushe wapi. Chukua Computer wa Yanga, mpe kofia. Tofauti kubwa ni kwamba ligi yao imeweka dari ya mishahara, kila timu ina kiwango kisichovukwa kwa mwaka, na mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4. Mwaka huo Dallas ilimpa kwotabeki wake Dak Prescott mkataba wa wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka. Akaumia katikati ya msimu, timu ikashinda mechi 7 na kupoteza 10. Kansas City kwa upande wake ilimfunga Patrick Mahomes kwa mkataba wa miaka 10 mwaka 2020, na ikaendelea kubeba ubingwa, Februari 2023 na Februari 2024, ingawa njiani ilibidi imuuze mkimbiaji wake hatari zaidi, Tyreek Hill. Na kwenye fainali hiyo ya 2024 iliyokwenda muda wa nyongeza, aliyesimama upande wa pili alikuwa Brock Purdy wa San Francisco, mchezaji aliyechaguliwa wa 262, wa mwisho kabisa, kwenye mchujo wa mwaka 2022, akilipwa senti ukilinganisha na Mahomes. Kwa kuwa kwotabeki wao alikuwa bei rahisi, walikuwa na pesa ya kujaza mafundi kila upande.

Faida ya dari ile ni kwamba kila mtu anaona hesabu. Ukimpa mmoja 60, unajua ni nani amekosa. Tanzania haina dari. Tangu mkataba wa haki za televisheni wa 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na wadhamini wa kubeti, na matajiri waliojitosa Msimbazi na Jangwani, pesa imeingia kuliko wakati wowote. Lakini dari ya hapa ni mfuko wa mtu, na mfuko wa mtu hauonekani ukomo wake mpaka siku umefika. Klabu kubwa mbili zinaweza kuvumilia. Zile za mikoani zinazowaiga, zikamleta mgeni mmoja wa dola na kuwapiga danadana wazawa, ukomo unaonekana kwa namna ile ile kila mara: wachezaji wanagoma mazoezi, basi halina mafuta, kipa wa akiba anacheza mbele.

Na watu wa Bashay hawana haja ya kusafiri mbali kuliona hili. Msimu wa 2024/25 ligi kuu yenyewe ilihamia mkoani kwao, pale Fountain Gate walipofanya Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, Babati, kuwa nyumbani. Kabla ya hapo Simba na Yanga walikuwa watu wa kwenye kibanda umiza, sasa wanashuka kwenye basi Babati na unaweza kuwahesabu meno.

Februari 6, 2025, ikaja Simba. Ilikuwa Simba mpya, iliyovunjwa na kusukwa upya kwa vijana, ikiongozwa na Jean Charles Ahoua, mchezaji bora wa ligi ya Ivory Coast aliyetokea Stella, ndiyo, Stella ile ile ya 1993. Ahoua angemaliza msimu akiwa mfungaji bora na mabao 16, na Simba hiyo ingefika fainali ya Kombe la Shirikisho. Dau lake lililipa, hakuna wa kubisha. Siku hiyo Babati Simba ikatangulia 1–0. Mchezo umeshikwa. Kisha winga kijana wa Simba, Mtanzania, siyo staa, siyo wa dola, akaamua kurudisha mpira kwa kipa wake. Pasi ya kawaida, ya kila siku mazoezini. Kipa hakuwa pale alipodhani yupo. Mpira ukabingirika wenyewe hadi wavuni. 1–1, uwanja ukalipuka.

Pointi mbili zikabaki Manyara. Juni 25 Simba na Yanga zilikutana kwenye mechi ya mwisho ya kuamua bingwa, Yanga mbele kwa pointi 1. Ile pasi isingerudishwa, Simba ndiyo ingekuwa mbele kwa 1, sare ingewatosha, na labda wangeingia uwanjani na mapigo mengine ya moyo. Waliingia wakihitaji ushindi, wakafungwa 2–0. Aliyeongoza kwa mabao Yanga msimu ule kwenye ligi hakuwa Aziz Ki wala mgeni yeyote wa bei. Alikuwa Clement Mzize, mabao 14, kijana aliyepandishwa kutoka timu yao ya vijana.

Kwa hiyo kamati ya Bashay, je? Wamlete fundi?

Wamlete, kama kuna pesa. Mguu wa kushoto unaojua kupiga pasi ya kupasua ni kitu adimu, na mechi ya ng'ombe haichezwi kwa uzalendo peke yake. Ila aje wiki mbili kabla, alale hapo hapo kijijini, ajue kwamba beki wake wa kulia ana kawaida ya kupanda bila kuangalia nyuma. Apewe kikubwa, siyo vyote. Na kabla bodaboda haijatumwa Babati kumchukua, mweka hazina afungue lile daftari la michango mbele ya wachezaji, aandike jina la kwanza kabisa la kijana wa glovu zenye viraka, na kiasi chake pembeni, hata kama ni bei ya glovu tu.

Kwenye vikao vingi jina hilo huwa linafikiwa mwisho, saa pesa imekwisha. Watu wanaanza kusimama, kuna wa kwenda kukamua, kuna wa kufunga duka. Yeye anakunja mikono, anasema hakuna shida, nitadaka tu.